Kamera Haisomi Ankara Feki

Wizi wa ndani ukigundulika, bosi ana jibu lake tayari: “Tuliajiri mtu mbaya.” Anamfukuza, anafunga kamera, kisha anamkalisha mwingine kwenye kiti kilekile chenye mamlaka yaleyale. Wells Fargo, benki ya Marekani, hadi 2016 ilikuwa imefukuza wafanyakazi wapatao 5,300 kwa kufungulia wateja akaunti bila ridhaa yao. Wabaya 5,300 walikutana benki moja kwa bahati tu? Malengo ya mauzo hayakufikika, na asiyeyafikia alikuwa hatarini kupoteza kazi.

Kuidhinisha malipo, kushika fedha, kuandika vitabu na kulinganisha vitabu na taarifa ya benki: kazi hizi nne zisikae kwa mtu mmoja. Kila mhasibu anajua. Kinachochosha ni mgawanyo wa kwenye karatasi. Chati ina majina manne, lakini meneja kaacha hundi zimesainiwa tupu, neno la siri la mwidhinishaji limebandikwa kwenye kompyuta, na msaini wa pili hajawahi kudai hati ya kupokelea mzigo. Saini mbili, macho hakuna. Nick Leeson, wa tawi la benki ya Kiingereza ya Barings kule Singapore, alifanya biashara na kusimamia pia uandishi wa hesabu zake. Mwaka 1995 hasara ilifika pauni milioni 827, benki ikafa.

Mko watatu tu ofisini? Mwenye mali apokee taarifa kutoka benki moja kwa moja, na alinganishe akaunti za wazabuni na za wafanyakazi, aone kama kuna zinazofanana. Likizo iwe wiki mbili mfululizo, mwingine ashike kazi ili kilichofichwa kionekane, na mfumo umfungie mwenye likizo. Anayeidhinisha malipo kwa simu hajaenda likizo.

Mishahara nayo ina lake. Utafiti wa Greenberg, 1990: viwanda viwili vilikata mishahara asilimia 15 kwa wiki 10. Wizi ulipanda, ila palipoelezwa sababu kwa kina na kwa utu haukupanda sana kama palipoelezwa juujuu.

Ile pembetatu ya shinikizo, fursa na kujihalalishia, inayotumika kueleza kwa nini mtu anaiba kazini, naitumia kwa tahadhari. Cressey, mtafiti ambaye kazi yake ndiyo chimbuko la pembetatu hiyo, aliwahoji wafungwa, yaani waliokamatwa, wakisimulia baada ya tukio. Kisingizio kilitangulia wizi, au kilitungwa gerezani? Sina hakika. Fursa angalau inapimika, kwa hiyo naanzia hapo: nani anaweza kusajili mzabuni mpya na kumlipa bila mwingine kugusa?