Sababu za Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648)

Vita vya Miaka Thelathini ni jina la vita vilivyofuatana kuanzia 1618 hadi 1648, vingi vikipiganwa katika nchi ambazo leo ni Ujerumani na Ucheki. Ukiuliza chanzo chake, jibu la haraka ni dini: Wakatoliki dhidi ya Waprotestanti. Jibu hilo ni nusu tu. Watu wa zama zile walikuwa na imani ya kweli, lakini ugomvi wao ulifika mahakamani na kwenye uwanja wa vita kwa sura ya mambo mawili: ardhi na kura.

Tuanze na kura. Dola Takatifu la Roma lilikuwa mkusanyiko wa mamia ya maeneo yaliyojitawala kwa kiasi kikubwa, chini ya Kaisari aliyechaguliwa na wateuzi saba. Watatu walikuwa maaskofu wakuu Wakatoliki, wa Mainz, Trier na Köln. Watatu walikuwa watawala Waprotestanti, wa Saksonia, Brandenburg na Palatino. Wa saba alikuwa mfalme wa Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Aliyeshika Bohemia ndiye aliyeshika mizani.

Ardhi ilihusu mkataba wa Augsburg wa 1555. Uliruhusu kila mtawala achague Ukatoliki au Ulutheri (tawi la Uprotestanti linalomfuata Martin Luther), na raia wamfuate. Asiyetaka aliruhusiwa kuuza mali yake na kuhama. Mkataba huo ulizuia vita kubwa kwa miaka mingi, sifa ambayo husahaulika, lakini uliacha mianya. Wakalvini, Waprotestanti wa tawi jingine, hawakutajwa kabisa, na baadaye mtawala wa Palatino akawa mmoja wao. Tena ulisema askofu mtawala akibadili dini aachie cheo pamoja na ardhi yake, kifungu ambacho Waprotestanti hawakukikubali kamwe. Kila shamba la monasteri lililochukuliwa baada ya 1552, mwaka ambao mkataba uliuweka kuwa mpaka, likawa kesi. Kuanzia 1588 kamati ya kukagua hukumu za mahakama kuu ya dola haikuweza tena kukutana, kwa sababu msimamizi Mprotestanti wa jimbo la askofu mkuu la Magdeburg alidai kiti katika kamati hiyo ambacho Wakatoliki walisema si chake. Kesi zikakosa pa kwisha, na watu wakaanza kutafuta bunduki. Waprotestanti waliunda Muungano wao 1608, Wakatoliki wakaunda Jumuiya yao 1609.

Cheche ilitoka Bohemia, na hata hapo ardhi ilikuwa katikati. Mwaka 1609 Kaisari Rudolf II, aliyekuwa pia mfalme wa Bohemia, aliwapa Waprotestanti wa Bohemia ruhusa ya kujenga makanisa katika ardhi ya mfalme. Je, ardhi ya maaskofu na monasteri ni ya mfalme? Waprotestanti walisema ndiyo, wakajenga makanisa katika miji ya Hrob na Broumov. Serikali ikasema hapana: kanisa la Hrob likabomolewa, la Broumov likafungwa. Tarehe 23 Mei 1618 makabaila wenye hasira waliingia ngome ya Praha, wakawatupa dirishani mawakili wawili wa mfalme pamoja na karani wao. Wote watatu walipona.

Mwaka 1619 waasi walimvua Ferdinand, mfalme wao Mkatoliki wa ukoo wa Habsburg aliyechaguliwa Kaisari mwaka huohuo, taji la Bohemia wakampa Friedrich V wa Palatino. Hesabu uone: mtu mmoja, Mkalvini, angeshika kura mbili, na Waprotestanti wangekuwa na nne kati ya saba. Kwa ukoo wa Habsburg, uliotoa Makaisari na pia kutawala Hispania, hilo lilikuwa suala la kufa na kupona. Friedrich alishindwa kwenye Mlima Mweupe, nje ya Praha, tarehe 8 Novemba 1620. Mashamba ya waasi yalinyang'anywa, na 1623 kura yake ya Palatino akapewa Maximilian wa Bavaria.

Mbona basi vita haikuishia hapo? Uchumi na siasa za nje zina jibu kubwa. Mapatano ya miaka 12 kati ya Hispania na Waholanzi yaliisha 1621, na Hispania ilihitaji njia ya kupitisha wanajeshi kutoka Italia hadi Uholanzi. Maeneo ya Palatino kando ya Rhine yalikuwa jirani na njia hiyo. Majeshi yenyewe yalikuwa ya kukodiwa. Wallenstein, jemadari wa Kaisari, aliyalisha kwa kutoza miji na vijiji walikopita, hivyo kuvunja jeshi kukawa kugumu kuliko kuliendesha. Kisha 1629 Ferdinand akaamuru ardhi zote za kanisa zilizochukuliwa tangu 1552 zirudishwe. Saksonia ya Kilutheri, iliyokuwa upande wake, ilijiunga 1631 na Wasweden, ambao walikuwa wameingia vitani dhidi ya Kaisari. Mwaka huohuo Ufaransa, ikiongozwa na Kadinali Richelieu, iliahidi kuwalipa Wasweden Waprotestanti thaler (sarafu za fedha) 400,000 kila mwaka. Kadinali alifadhili Walutheri wapigane na Kaisari Mkatoliki, maana hofu yake ilikuwa Habsburg waliomzunguka.

Mikataba ya amani ya 1648, iliyomaliza vita, ilirudi kuziba mianya ya 1555. Wakalvini walitambuliwa, na kwa sehemu kubwa ya dola tarehe 1 Januari 1624 ikawekwa kuwa kipimo: aliyeshika ardhi ya kanisa siku hiyo, ni yake.