Je, wajua kwa nini gari la zamani likifungwa shokapu za kisasa huweza kuyumba kuliko mwanzo?

Jirani yangu hapa Chumbageni, Tanga, anayo Datsun 240Z ya mwaka 1972: pua ndefu, mgongo wa kuteremka, viti viwili tu. Alipozipata shokapu mpya, zile unazoongeza au kupunguza ugumu kwa kuzungusha kichwa chake, hakulala. Zilikuja na springi fupi na ngumu. Alizifunga kwa siku moja, gari likashuka kama sentimita tano, likapendeza kwelikweli. Jioni akanipakia twende Raskazone.

Hatukufika mbali. Kila tuta vioo vya milango viligonga kama sinia, na kwenye kona gari lilijivuta pembeni kwanza, kisha ndipo likafuata usukani. Shokapu za zamani, zilizokuwa zinavuja mafuta, hazikuwa na vituko hivyo.

Fundi mzee mmoja wa Ngamiani ndiye aliyetufumbua macho. Hakuzitazama shokapu hata kidogo. Aliomba jeki, akainua kona moja ya mbele mpaka gurudumu likaning'inia, kisha akamwambia mwenye gari, "Fungua mlango." Ukafunguka. "Haya, ufunge." Haukufungika. Ulimi wa kitasa ulikuwa unapiga chini ya mahali pake.

"Mwanangu," akasema, "umelivisha viatu vipya gari lililovunjika kiuno."

Ili kumwelewa mzee, tuanze na shokapu yenyewe. Kazi ya kupokea kishindo ni ya springi. Ila springi ikishapokea haijui kunyamaza. Itapanda na kushuka mpaka ichoke. Shokapu ndiyo inayoinyamazisha, kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vidogo na kuugeuza ule mtikisiko kuwa joto. Gusa shokapu baada ya safari ya makorongo uone ilivyopata moto.

Hesabu yote hiyo ina sharti moja: upande wa juu, pale shokapu inapofungwa, pawe pamesimama imara. Bodi ikijipinda, nayo inakuwa springi, tena springi isiyo na shokapu. Unazungusha kile kichwa cha kurekebishia, unaongeza, unapunguza, na gari linaendelea na mambo yake, kwa sababu kinachotikisika si kile unachokirekebisha.

Wahandisi hupima ukakamavu huu kwa kuuliza ni nguvu kiasi gani ya kusokota inayohitajika kuipinda bodi kwa digrii moja. Magari mengi ya spoti ya miaka ya 1960 yalihitaji Nyutoni-mita elfu chache tu. Magari ya leo kwa kawaida huvuka 20,000. Enzi zile halikuwa tatizo kubwa, maana springi zilikuwa laini na tairi nyembamba, kwa hiyo gurudumu lilisogea kabla bodi haijasumbuliwa. Ukiweka springi ngumu na tairi pana zinazoshika lami barabara, mambo yanageuka: gurudumu linagoma, bodi inapinda. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana hapa. Tandika tanga kubwa kwenye dau lenye mataruma yaliyooza, uone kama upepo utalisukuma au utalipasua.

Na 240Z ni gari lisilo na chasisi ya kutenganishwa kama ya Land Rover za zamani. Sakafu, mihimili na kuta zake ndizo zinazobeba kila kitu. Kutu likila hapo, limekula uti wa mgongo. Lina sehemu zake linazozipenda: chini ya sahani ya betri, ambako tindikali hudondoka na kuumaliza ulinzi wa rangi, sakafu chini ya miguu, na mihimili inayopita chini ya sakafu hiyo. Ongeza chumvi ya bahari yetu, inayotua usiku juu ya bati na kunyonya unyevu. Gari la jirani lilikuwa limepakwa puti na rangi nyekundu ya kung'aa. Mzee alipogonga sakafu kwa bisibisi, bisibisi ikapita, tukaiona ardhi.

Basi tatizo la kwanza ni kiuno. La pili lilitokana na zile sentimita tano, na mimi naliona ndilo tamu zaidi, kwa sababu linakwenda kinyume na tunavyodhani. Gari likishuka si linatulia? Si lazima.

Gari linapokata kona hulala kwa kuzunguka nukta fulani isiyoonekana. Mahali ilipo nukta hiyo hupangwa na mwelekeo wa mikono ya chini, ile inayotoka bodini kwenda kwenye gurudumu. Kwenye gari lenye shokapu za kusimama wima kama hili, mkono huo wa mbele unatakiwa uteremke kidogo kuelekea nje. Ukilishusha gari mno, mkono unalala sawa na ardhi, au unaanza kupanda. Hapo ile nukta inaporomoka kwa kasi kuliko uzito wa gari ulivyoshuka, umbali kati yake na uzito unarefuka, na uzito unapata wenzo mrefu wa kulilaza gari. Unahitaji springi ngumu zaidi ili tu urudi ulipokuwa. Na springi ngumu zaidi inadai nini? Bodi ngumu zaidi. Tumerudi kule kule.

Tairodi, ile fimbo inayopeleka mgeuko wa usukani kwenye gurudumu, nayo haiko nyuma. Gari likiwa kwenye kimo chake, tairodi na mkono wa chini huzunguka pamoja gurudumu linapopanda tuta. Likishushwa, kila kimoja kinachora tao lake, na gurudumu linageuka lenyewe huku mikono yako imetulia kwenye usukani. Ndiko kule kujivuta pembeni. Dawa yake ni ndogo ya kuchekesha: kipande cha alumini chenye unene wa sentimita mbili hivi, kinachowekwa kati ya kitako cha shokapu na mkono wa usukani, ili kurudisha mielekeo ya zamani ilhali gari limebaki chini.

Kama ungeniuliza mimi, nisingelishusha kabisa. Gari la aina hii hii lilishinda Safari Rally mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews. Mwaka huo wa pili Mehta alifungana kwa pointi na Harry Källström, naye pia alikuwa kwenye Datsun. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda masafa marefu zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Zitazame picha za magari yale: yamesimama juu, na magurudumu yana nafasi ya kupanda na kushuka. Nani anahitaji gari la kukwaruza tumbo kwenye matuta ya njia ya Segera?

Twende kwenye bodi yenyewe. Wanaojenga magari ya namna hii kwa umakini hawaanzi na shokapu. Kampuni ya Singer ya California, inayozifanya upya Porsche 911 za kizazi cha 964, huivua kila moja mpaka ibaki bodi tupu, huikaza, ndipo huivika paneli za nyuzi za kaboni. Kaboni ni ghali. Faiba ya kawaida tunayo, na Tanga wapo wanaotengeneza boti zake wanaojua kwamba kwenye joto letu resini ikishachanganywa haikusubiri: unachanganya kidogo kidogo, unafanya kazi alfajiri.

Ila faiba ina mahali pake. Kwenye 240Z fenda za mbele zimefungwa kwa bolti, hivyo fenda, boneti na mlango wa nyuma unaweza kuvifanya vya faiba, gari likapungua uzito na kutu likakosa chakula. Chini ya bampa unaongeza kidevu, kwa maana pua ya gari hili ikienda kasi hunyanyuliwa na upepo unaopita chini yake na usukani unakuwa mwepesi. Lakini zile mbavu za nyuma, yaani kuta za bodi juu ya magurudumu ya nyuma, zimechomelewa na zinabeba mzigo, kama lilivyo paa. Ukizikata uweke faiba bila kujenga mihimili mingine ndani, umekivunja kiuno kwa mkono wako mwenyewe.

(Viwanda vya magari vya Ulaya vimetumia nyuzi za mkonge ndani ya paneli za milango. Mkonge! Huwa nawaza hilo kila nikipita kwenye mashamba ya huko Muheza.)

Gari la jirani lilikatwa sakafu yote. Mihimili miwili mipya ikachomelewa kutoka mbele hadi chini ya viti, na bati la mahali pa betri likabadilishwa. Milango ilifungwa muda wote wa kuchomelea, isije bodi ikaganda ikiwa imepinda. Wiki iliyopita mzee alirudisha jeki kona ile ile, gurudumu likaning'inia. Jirani akafungua mlango, akausukuma kwa kidole kimoja, ukafunga.

Shokapu zile mpya zilivuliwa, na bado ziko kwenye boksi lake. Fundi kerezo hajamaliza vile vipande vya alumini.