Aprili ni mwezi wa kuwaaga

Kila Aprili nikibeba darubini kwenda ghuba ya Lutembe ya Ziwa Victoria, Uganda, upande wa barabara ya Entebbe, huulizwa: "Unakwenda kuwapokea ndege wa Ulaya?" Nakwenda kuwaaga. Majira ya kuchipua yako huko wanakorudi. Kwetu ni masika, na wageni walioingia Septemba na Oktoba wako mbioni kuondoka.

"Wale wenye mabaka wanaumwa," mvuvi aliyenipakia mtumbwini aliniambia safari hii, akielekeza kasia kwenye kisiwa cha mafunjo. Walikuwa buabua mabawa-meupe, jamaa za shakwe. Mmoja alipita karibu sana: kifua cheupe kimetapakaa weusi, kama shuka iliyoangukiwa masizi. Si ugonjwa, mzee wangu, anavaa nguo za ndoa. Wakiwa hapa huwa weupe na kijivu. Msimu wa kutaga ukikaribia, manyoya yale hunyonyoka na meusi huota, hadi kichwa na mwili viwe vyeusi tii, huku mkia na juu ya mabawa pakibaki peupe.

Wanataga wapi? Huko huko kaskazini. Viota unavyoviona kwenye mafunjo yetu ni vya ndege wenyeji.

Wengine husema wanakimbia baridi. Ingekuwa baridi tu, wangebaki Uganda moja kwa moja. Kinachowasukuma hasa ni chakula: wadudu hutoweka kwao wakati wa baridi, kisha hujaa tele siku zinaporefuka, wakati wa kulisha makinda. Ndiyo maana mbayuwayu mwenye uzito wa gramu 20 hivi huvuka Sahara mara mbili kwa mwaka. Zamani Wazungu waliamini kwamba mbayuwayu hujificha matopeni wakati wa baridi. Lakini mwaka 1822 korongo alipatikana Ujerumani akiwa na mkuki wa Kiafrika shingoni, ushahidi kwamba ndege hao huja Afrika. Bado amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock, huko huko Ujerumani.

Na hilo jina "ndege wa Ulaya" ndilo linaloniuma zaidi. Buabua hawa hurudi kaskazini kutaga na kulea tu. Sehemu kubwa ya mwaka wako Afrika. Lutembe ni eneo la Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu 2006, na wamewahi kulala hapo kwa mamia ya maelfu. Kinamasi kikijazwa kifusi, watu husema ndege wataenda kwingine. Kwingine wapi? Jioni ile niliwatazama wakitua mmoja baada ya mwingine, wamebanana juu ya mafunjo, pasibaki nafasi ya kuweka hata kiganja.