Kamera ya DSLR ya kuanzia na ya ngazi ya juu: tofauti yake hasa ni nini

Kampuni ya kamera ya Nikon ilipoitoa D3500 mwaka 2018, bei yake nchini Marekani ilikuwa takriban dola 500 pamoja na lenzi. D850, iliyotoka mwaka mmoja kabla yake, iliuzwa kwa takriban dola 3,300 bila lenzi yoyote. Zote mbili ni kamera za DSLR, na picha iliyopigwa uwanjani saa nne asubuhi kwa ile ya kwanza, ikitazamwa kwenye simu, si rahisi kuitofautisha na ya ile ya pili. D3500 huitwa kamera ya kuanzia na D850 huitwa kamera ya ngazi ya juu, na wanunuzi wengi hudhani kwamba ngazi hizo hupimwa kwa uzuri wa picha. Kwa uzoefu wangu wa kupiga harusi na hafla, ngazi ya kamera hupimwa zaidi kwa yale inayomruhusu mpigapicha kuyafanya kwa haraka na katika mwanga hafifu, bila kuondoa jicho mahali pake, na kwa muda ambao itaendelea kumtumikia hivyo.

Tuanze na jina lenyewe. DSLR ni kamera ya kidijitali yenye kioo nyuma ya lenzi. Kioo hicho hukaa mshazari kwa nyuzi 45, hupokea mwanga na kuurusha juu, ambako hugeuzwa tena hadi ufike kwenye kitundu cha kuchungulia, kwa hiyo jicho la mpigapicha huona kilekile ambacho lenzi inakiona. Kidole kinapobonyeza, kioo huinuka, shata, yaani pazia lililo mbele ya sensa, hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mwanga huangukia sensa, ambayo ndiyo iliyoshika nafasi ya filamu. Ule mlio mkavu anaousikia kila aliyewahi kusimama mbele ya mpigapicha ni wa kioo na shata vikifanya kazi hiyo. Mpango huu ni mmoja katika kamera zote za familia hii. Kinachobadilika ni ubora wa kila kipande.

Muuzaji akiulizwa tofauti, mara nyingi hutaja megapikseli, yaani mamilioni ya nukta (pikseli) zinazounda picha, na hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. D3500 ina megapikseli 24.2 na D850 ina 45.7, karibu mara mbili, lakini upana wa picha hauongezeki kwa kiwango hicho: ya kwanza hutoa picha yenye pikseli 6,000 kwa upana na ya pili 8,256. Ukichapisha kwa ubora wa kawaida wa albamu, yaani pikseli 300 kwa kila inchi, D3500 inakupa picha ya inchi 20 kwa upana na D850 inakupa inchi 27 na nusu. Albamu chache sana za harusi hufikia hata hizo inchi 20. Ushahidi ulio wazi zaidi ni D500, kamera iliyotengenezwa mwaka 2016 kwa ajili ya wapigapicha wa michezo na wanyamapori, ambayo ni ya ngazi ya juu kwa kila kipimo na hupiga picha 10 kwa sekunde, ilhali ina megapikseli 20.9 tu na sensa yenye ukubwa wa kundi lilelile la D3500. Kama megapikseli ndizo zingepanga ngazi, D500 ingekaa chini ya kamera ya dola 500.

Tofauti ya kwanza ya kweli iko kwenye kitundu cha kuchungulia. Katika kamera za kuanzia, mwanga unaorushwa juu na kioo hugeuzwa na vioo vidogo vilivyopangwa ndani ya kijumba kitupu, njia iliyo nyepesi na isiyo na gharama kubwa; katika kamera za ngazi ya juu hugeuzwa na kipande kizima cha kioo kizito kilichochongwa, ambacho hupoteza mwanga kidogo na kuonyesha taswira kubwa na angavu zaidi. Isitoshe, D3500 huonyesha asilimia 95 tu ya upana na asilimia 95 ya urefu wa picha itakayopatikana, wakati D850 huonyesha yote. Asilimia tano ni ndogo kuitamka, lakini ndimo anamokaa mtu wa pembeni. Unampanga bibi harusi na wazazi wake vizuri, unahakikisha pembe zote nne ni safi, kisha nyumbani kwenye kompyuta unakuta ukingoni mguu wa kiti cha plastiki na kiwiko cha mtu aliyeshika sahani ya pilau. Hukukosea, kamera haikukuonyesha.

Tofauti ya pili iko mikononi, na hii ndiyo inayonifanya niseme kwamba kamera ya ngazi ya juu ni chombo cha kazi. Mfikirie bibi harusi akiingia ukumbini: mlangoni jua lipo nyuma yake, hatua tatu mbele yuko kwenye kivuli, hatua kumi mbele anaangaziwa na taa za zambarau za jukwaa. Katika sekunde hizo chache mpigapicha anayejipangia mwenyewe hubadilisha kasi ya shata, uwazi wa lenzi (ukubwa wa tundu linalopitisha mwanga) na ISO (kiwango cha kamera kuuhisi mwanga). D3500 ina gurudumu moja tu, chini ya kidole gumba. Likizungushwa hubadilisha kasi ya shata, na ili libadilishe uwazi wa lenzi, kidole cha shahada lazima kwanza kikandamize kitufe kingine kilicho juu ya kamera. ISO hutafutwa kwenye skrini ya nyuma, na kutazama skrini maana yake ni kuacha kumtazama bibi harusi. D850 ina magurudumu mawili, moja la kidole gumba na moja la kidole cha shahada, na kitufe cha ISO karibu kabisa na kile cha kupigia. Baada ya wiki chache vidole hujua njia, na jicho halitoki kwenye kitundu. Vilevile fokasi, yaani kulenga ili kitu kionekane wazi: D3500 ina nukta 11 za kulengea na D850 ina 153, kwa hiyo uso ulio pembeni mwa fremu unaweza kulengwa hapohapo ulipo, bila kulenga katikati kwanza na kuisogeza kamera baadaye.

Kuhusu mwanga, sensa kubwa ina faida isiyopingika. Sensa ya D850 ina takriban milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya zamani, na ndiyo maana huitwa fremu kamili. Ya D3500 ina milimita 23.5 kwa 15.6. Eneo la kwanza ni takriban mara 2.3 ya la pili, na kwa mpangilio uleule wa lenzi na shata hukusanya mwanga zaidi kwa kiasi hichohicho, hivyo chenga, yaani vijidoa vinavyochafua picha ISO ikipanda, hupungua. Hata hivyo lenzi inaweza kukupa zaidi ya hapo kwa fedha kidogo. Lenzi ya 18-55mm inayouzwa pamoja na kamera ya kuanzia, ikivutwa hadi mwisho, hufunguka hadi f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi), wakati lenzi ya 50mm ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara kumi ya huo. Mtu mwenye D3500 aliyeongeza lenzi hiyo ya 50mm atampita, katika ukumbi wenye giza, mwenye D850 aliyefunga lenzi ya f/5.6. Nimeshuhudia vijana wakikopa ili wabadilishe kamera, wakati walichokosa kilikuwa lenzi.

Hapa kuna jambo linalowaumiza wanunuzi wa vitu vilivyotumika. Lenzi za zamani za Nikon zenye alama ya AF-D hazina mota ya fokasi ndani yake. Hutegemea mota iliyomo kwenye bodi ya kamera. D850 na D500 zinayo, D3500 haina. Mtu hununua 50mm ya f/1.8D kwa sababu ni rahisi, anaifunga kwenye D3500, anabonyeza, na lenzi haisogei. Itambidi azungushe fokasi kwa mkono kila picha. Kwa D3500 tafuta lenzi yenye alama ya AF-S au AF-P.

Tofauti ya mwisho huonekana siku mambo yanapoharibika. Kamera za ngazi ya juu zimezibwa kwa mipira kwenye maungio ili kupunguza vumbi na unyevu unaoingia, nazo huwa na nafasi mbili za kadi ya memori, ili kila picha iandikwe mara mbili papo hapo. D3500 ina nafasi moja. Niliwahi kupiga nikahi kwa kamera yenye nafasi moja, na usiku ule kadi ikakataa kusomeka. Baadhi ya picha zilirudi baada ya kuhangaika siku nne. Zile za nyanya akimbusu mjukuu wake kwenye paji la uso hazikurudi. Sijawahi tena kuchukua kazi ya mtu nikiwa na kadi moja.

Haya hayaifanyi kamera ya kuanzia kuwa chombo duni. D3500 ina uzito wa gramu 415 ikiwa na betri na kadi, wakati D850 inazidi kilo moja, na shingo ya mtu anayetembea mjini kutwa nzima huijua tofauti hiyo. Ina flashi yake ndogo juu, ambayo D850 haina, na ina mwongozo wa skrini unaomweleza mwanafunzi hatua kwa hatua jinsi ya kuilainisha mandhari ya nyuma au kuusimamisha mwendo. Kwa anayejifunza, au anayepiga familia na safari zake, inatosha kwa miaka.

Tangu kampuni kubwa zilipoelekeza nguvu kwenye kamera zisizo na kioo, DSLR nyingi za ngazi ya juu zimeingia sokoni zikiwa zimetumika, kwa bei ambayo zamani ilikuwa ya kamera za kuanzia. Kwa anayevutiwa nazo, swali la kumuuliza muuzaji kabla ya bei ni shata imepiga mara ngapi. Shata ya D850 ilijaribiwa kiwandani kwa mipigo 200,000. Mpigapicha anayepiga picha 1,500 kwa kila harusi huifikia idadi hiyo baada ya harusi zisizozidi 134. Hesabu ya mipigo ya shata huandikwa ndani ya faili la kila picha, hivyo mwombe muuzaji apige picha moja mbele yako, uichukue, uisome kwenye kompyuta kwa programu ya kusomea taarifa za picha.