Tofali la kale na saruji haviivi chungu kimoja

Duka la zamani likibomolewa hapa katikati ya Mwanza, mara nyingi kifusi kimeshapata mnunuzi kabla bati halijashuka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu, na mji wetu ulianza kama kituo cha Wajerumani mwaka 1892. Basi mimi, msanifu majengo, nawahi kuyaomba matofali niyarudishe ukutani, ikiwezekana kwenye kiwanja kilekile. Nataka aliyekuwa akinunua vitenge kwenye baraza lile apite aseme: ukuta huu naujua.

Kwanza napima. Tofali la kipimo cha Kijerumani ni sentimita 25 kwa 12 kwa 6.5, la Kiingereza lina urefu wa karibu 23, nalo ni nene zaidi. Ukiyachanganya, kozi, yaani safu za matofali, hazilali sawa. Kisha tunayagonga. Lililoiva tanuruni hulia. “Injinia, hili limekufa,” husema fundi wangu, mzee wa Kirumba, na kulitupa pembeni. (Mimi si injinia. Nimechoka kumwambia.)

Matofali haya hutoka mazima kwa sababu yalijengewa chokaa. Chokaa ni laini kuliko tofali: ukigonga patasi inaachia, unabaki unga mkononi.

Hilo nililijua kwa hasara. Ukuta wangu wa kwanza, wa mgahawa karibu na ziwa, niliujenga kwa saruji nzito, saruji moja kwa mchanga tatu, nikidhani ndiyo heshima. Masika mawili tu, nyuso za matofali zikaanza kubanduka kama magamba ya sato. Unyevu ukiingia ukutani hutafuta pa kutokea. Kwenye chokaa hupita kwenye viungo. Mimi nilikuwa nimeviziba, ukatokea kwenye tofali lenyewe, na chumvi yake ikagandia chini ya ngozi na kuisukuma nje. Tulipojaribu kuyatoa tuanze upya, katika kila kumi yalipona mawili.

Sasa natumia chokaa moja kwa mchanga tatu, na ukuta tunaufunika magunia mabichi siku kadhaa. Wakandarasi wananung'unika kwamba nawachelewesha, na kweli nawachelewesha.

Mteja niliye naye anataka tuyapake vanishi yang'ae. Nimemkatalia, vanishi nayo inaziba. Awamu ya pili ya malipo bado hajaitoa.