Sabuni nyingi haiondoi michirizi kwenye vioo vya gari

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu: kioo cha gari kikibaki na michirizi, ongeza sabuni ya unga, kisha kiache kikauke juani. Si kweli, na ukiufuata kioo kitazidi kufifia.

Michirizi ni mabaki. Maji yakikauka, sabuni isiyosuuzwa hubaki kwenye kioo pamoja na chumvichumvi ya maji yenyewe. Hapa Dodoma maji mengi ya visima yana chumvi. Tunayajua kwa ukoko mweupe ndani ya birika. Jaribu mwenyewe: dondosha tone la maji hayo kwenye kioo, liache likauke. Utaona duara jeupe, na hujatia sabuni hata chembe.

Kinachowachanganya watu ni povu. Linang'oa vumbi upesi, na kioo kikiwa bado na maji kinang'aa kweli. Michirizi hujitokeza baadaye, na jua la saa saba hukausha povu kabla hujasuuza. Kwa hiyo ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.

Egesha kivulini. Mwaga maji kwanza, vumbi lisije likakwaruza kioo, tumia sabuni kidogo, suuza vizuri, ukaushe mara moja kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Ndani futa juu na chini, nje kushoto na kulia. Mchirizi ukibaki, utajua uko upande gani.