Nyumba ina mpangaji au imebaki tupu: benki itakubali uuze chini ya deni?

Simu za namna hii huniingia usiku, mtu akishatoka zamu. "Kaka, mimi nilishahamia Ohio. Ile nyumba ya Texas nimepangisha, na deni limeizidi bei. Eti benki haikubali niuze kwa hasara kwa sababu siishi humo?"

Nauza nyumba kaskazini mwa Texas, na jibu langu ni kwamba inaweza kukubali. Uvumi huo una chimbuko. Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa HAFA, ili mwenye deni auze kwa bei iliyopo na benki iachie rehani, badala ya nyumba kunadiwa. Mwanzoni ulitaka mwenye nyumba awe anaishi humo, au awe amehama karibuni tu. Juni 2012 sharti hilo likaondolewa, hivyo nyumba zenye wapangaji zikaingia, na zilizo tupu pia. Mpango wenyewe uliacha kupokea maombi mwisho wa 2016, lakini sharti lililokufa bado linatembea midomoni mwa watu.

Siku hizi kanuni zinategemea nani anaumiliki mkopo wako, kwa hiyo anza kwa kuiuliza kampuni unayoilipa kila mwezi. Wanachotafuta watu wa benki ni shida ya kweli yenye ushahidi: kazi iliyopotea, ugonjwa, talaka, uhamisho wa kikazi. Ukiwa ulishahama, barua yako ya kueleza shida hiyo iseme kwa nini ulihama na lini. Kodi ya mpangaji iandike yote. Ikiwa kwa mwezi anakulipa dola 1,900 na wewe unalipia mkopo dola 2,300, pengo hilo ndilo linalokutetea. Ukiificha, wataikuta kwenye taarifa za benki na faili litalala.

Mpangaji mwambie mapema, tena uso kwa uso ukiweza. Yeye ndiye atakayemfungulia mlango mtu wa benki anayekuja kukadiria thamani, na akinuna hakuna mnunuzi atakayeona jikoni. Mkataba wake haufi kwa sababu umeuza, mnunuzi anaurithi. Hapo linakuja jambo ambalo wengi hawalitarajii, nalo ni amana aliyokupa mpangaji alipoingia. Kwa sheria ya Texas mmiliki mpya ndiye atakayedaiwa amana hiyo na mpangaji, kwa hiyo ataitaka siku ya kufunga mauzo. Wewe kwenye mauzo haya kwa kawaida hupati hata senti. Kama amana uliitumia zamani (na wengi wameitumia), itabidi itoke mfukoni.

Nyumba tupu ina adui mwingine. Bima nyingi hupunguza ulinzi nyumba ikikaa bila mtu kwa muda fulani, mara nyingi siku 60, basi piga simu uulize. Usikate umeme wala maji bila mpango. Aliyekuwa Texas Februari 2021 anajua bomba likipasuka kwa baridi dari inakuwaje. Majani nayo yakatwe, kwa maana faini za chama cha wakazi zinaweza kukwamisha mauzo siku ya mwisho.

Na tafadhali, usiniletee shemeji kama mnunuzi. Benki humtaka muuzaji na mnunuzi watie sahihi kwamba hawana undugu wala makubaliano ya pembeni. Kwetu kila mtu ni binamu, najua, lakini hati hiyo si ya mzaha.

Kabla hujasaini, soma barua ya benki ya idhini neno kwa neno. Inasema deni lililobaki limefutwa, au inasema rehani tu imeachiwa? Tofauti hiyo inaweza kukuletea kesi baadaye. Kilichofutwa nacho huripotiwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa fomu 1099-C kama mapato. Nafuu ya kodi ya mapato iliyopitishwa mwaka 2007 ililenga makazi ya mtu mwenyewe, si nyumba aliyoinunua ili kupangisha. Kinachobaki kwa wengi ni kuonyesha kwamba madeni yao yalizidi mali, kwa fomu 982. Hapo mtafute mhasibu. Mimi si mhasibu.

Texas hunadi nyumba Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, na notisi ya mnada inatakiwa itoke angalau siku 21 kabla. Ukinipigia ukiwa na notisi hiyo mkononi, kazi yetu ya kwanza itakuwa kuomba mnada uahirishwe, kwa sababu kupata mnunuzi na idhini ya benki ndani ya wiki tatu sijawahi kuweza.